Vifaa vya Kulaza Pikipiki Majira ya Baridi: Tathmini Kutoka Minnesota

Katika jimbo la Minnesota, mwenye pikipiki huilaza kuanzia mwishoni mwa Oktoba au Novemba mpaka Aprili, kwa sababu barabara hufunikwa na theluji, humwagwa chumvi, na usiku wa Januari baridi hushuka hata kupita nyuzi 20 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Chombo kilichoundwa kitembee kila siku, kama zinavyotembea pikipiki za bodaboda kule nyumbani, hukaa miezi mitano au sita bila kuwashwa, na ni katika kukaa huko ndipo betri hufa, petroli huharibika, tangi hushika kutu na panya hujenga ndani ya kisanduku cha filta ya hewa. Kwa misimu kadhaa nimekuwa nikilaza Suzuki V-Strom 650 ndani ya gereji isiyo na kipasha joto pembezoni mwa Minneapolis, na hapa natathmini vifaa ninavyovitumia: chaja ya Battery Tender Junior, dawa ya petroli ya STA-BIL, dawa ya kutu ya ACF-50, pamoja na turubai la kufunikia. Wenzetu wengi wanaonunua pikipiki yao ya kwanza huku hukimbilia turubai kwa sababu ndilo linaloonekana kwa macho. Kwa maoni yangu pesa ianzie kwenye chaja, ifuate dawa ya petroli, na turubai lije mwisho kabisa.

Battery Tender Junior hutengenezwa na kampuni ya Deltran ya DeLand, Florida. Ni kijisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, chenye waya wa kwenda kwenye betri, na nguvu yake ni ampea 0.75 tu. Udogo huo huwafanya wengine waidharau, ilhali ndio unaoifaa kazi yake. Betri ya risasi na asidi, zikiwemo za AGM (zilizofungwa kabisa, ambazo asidi yake imefyonzwa na mikeka ya nyuzi za kioo), hupoteza chaji yenyewe hata kama haijaunganishwa na kitu chochote, na katika pikipiki za kisasa saa, kompyuta ya injini na kengele ya wizi huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo usiku na mchana. Chaji ikishuka na kubaki chini kwa muda mrefu, salfeti ya risasi hugandamana juu ya sahani za ndani na kuwa ngumu, na tangu hapo betri haipokei tena umeme kama ilivyokuwa mwanzo. Isitoshe, betri iliyojaa huhimili baridi kali kuliko yoyote tunayoipata hapa, lakini iliyokwisha chaji maji yake huganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, yakatanuka na kulipasua ganda lake.

Junior huijaza betri hadi volti 14.4, kisha hujishusha yenyewe hadi volti 13.2 na kubaki hapo, ikiishikilia betri katika ujazo wake bila kuichosha. Hapa ndipo inapotofautiana na zile chaja za kale ambazo husukuma umeme bila kukoma mpaka betri ikakauka, na ndiyo sababu naiacha imechomekwa msimu mzima bila wasiwasi. Taa zake ni rahisi kuzisoma: nyekundu iliyotulia inaonyesha kwamba betri inachajiwa, kijani inayopepesa inaonyesha kwamba imevuka asilimia 80, na kijani iliyotulia inaonyesha kwamba imejaa na kilichobaki ni kuilinda. Ukiingia gereji kuchukua koleo la theluji unaitupia jicho mara moja, na hali ya betri unaijua.

Ndani ya boksi mna waya wa aina mbili, mmoja wenye klipu za kubana na mwingine wenye pete mbili za kufungwa kwa boliti juu ya vichwa vya betri. Tumia wenye pete. Unang'oa kiti, unalegeza boliti ya upande hasi kwanza ili spana isije ikaunganisha chanya na fremu, kisha unalegeza ya upande chanya, unavisha pete nyekundu na kukaza, halafu unarudi hasi na pete nyeusi. Baada ya hapo unaupitisha waya kando ya fremu mahali ambapo kiti hakitaubana wala joto la injini halitaufikia, na ncha yake unaiacha ichungulie chini ya kiti ikiwa imevishwa kifuniko chake cha mpira. Waya huo una fyuzi yake yenyewe, kwa hiyo hata ukichubuka na kugusa chuma, kitakachoungua ni fyuzi. Kazi hiyo hufanywa mara moja tu kwa maisha yote ya betri, na kila Novemba inayofuata unachomeka ncha moja ndani ya nyingine bila kugusa spana.

Chaja hii ina mipaka ambayo mnunuzi anastahili kuijua kabla hajatoa pesa. Haitoi umeme mpaka ihisi angalau volti 3 kutoka kwenye betri, jambo ambalo ni zuri kwa usalama kwa sababu klipu zikigusana hazipigi cheche, lakini maana yake pia ni kwamba chaja haitaitambua betri iliyokufa kabisa. Kujaza kwake ni kwa polepole: betri ya ampea-saa 10 kama ya V-Strom, ikiwa imeshuka hadi nusu, itahitaji saa saba au nane na pengine zaidi, kwa hiyo asiinunue mtu anayetaka kuamsha betri ya lori asubuhi moja. Toleo la kawaida ni la betri za risasi. Mwenye betri ya lithiamu atafute lililoandikwa wazi kwamba ni la lithiamu, kwa kuwa namna ya kuzijaza hazifanani. Na anayeegesha mahali pasipo na umeme hana haja ya kuinunua kwa ajili ya gereji. Yeye aitoe betri, aiweke ndani ya nyumba penye ukavu na aichaji mara moja kwa mwezi. Kwa mita ya umeme, volti 12.7 au zaidi ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, na ikifika 12.0 imekaribia kwisha. Wanaosema betri isiwekwe juu ya saruji wanakumbuka betri za zamani zenye maganda yaliyokuwa yakivuja umeme. Ganda la plastiki la leo halina tatizo hilo.

Upande wa petroli, Minnesota ina jambo lake. Sheria ya jimbo inataka petroli ya kawaida ya magari iwe na ethanoli asilimia 10, na ethanoli ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Unyevu ukizidi, maji na ethanoli hujitenga na petroli na kutuama chini ya tangi, pale pale pampu inapovutia. Petroli yenyewe nayo, ikikaa miezi, hupoteza zile sehemu zake nyepesi zinazoshika moto kwa urahisi, na nzito zinazobaki hugeuka utando wa kunata unaoziba nozeli za injini ya sindano, yaani inayopuliziwa petroli bila kabureta, au, kwa pikipiki za zamani, vitundu vyembamba vya kabureta. Fundi akikuambia mwezi wa nne kwamba kabureta inataka kufunguliwa yote na kusafishwa, mara nyingi ni petroli ya Oktoba iliyofanya kazi hiyo.

Hata hivyo sheria hiyo ina mlango ambao wageni wengi hawaujui. Vituo vingi vya mafuta huku vina pampu moja ya petroli isiyo na ethanoli, mara nyingi ya okteni 91, na kibandiko chake kinaeleza kwamba ni kwa ajili ya magari ya kihistoria, pikipiki, boti, pikipiki za theluji na injini ndogo tu. Pikipiki imetajwa humo, kwa hiyo unaijaza kihalali. Ni ghali kuliko ya kawaida kwa kila galoni, lakini tangi la mwisho la msimu ni moja tu, na nawasihi wote wenye pikipiki katika jimbo hili walijaze tangi hilo kutoka kwenye pampu hiyo.

Hata ukipata petroli hiyo, dawa bado inahitajika, kwa sababu kutokuwa na ethanoli hakuizuii petroli kuzeeka. STA-BIL ya kuhifadhia, ile yenye rangi nyekundu, hutiwa aunsi moja, yaani karibu mililita 30, kwa kila galoni 2.5, ambazo ni kama lita 9.5, na watengenezaji wake wanasema huilinda petroli hadi miezi 24. Tangi la V-Strom hubeba lita 20, hivyo kipimo chake ni kama mililita 63, na mimi huipima kwa sirinji kubwa isiyo na sindano ili nisikisie. Chupa ya aunsi 10 inatosha galoni 25, kwa hiyo chupa moja huhudumia tangi la namna hii msimu baada ya msimu, na zaidi ikiwa nyumbani una mashine ya kukatia nyasi inayolala msimu huo huo. Dawa hii huilinda petroli nzuri, haiifufui iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo itie Oktoba, usingoje Februari unapokumbuka.

Namna ya kuitia ina uzito sawa na dawa yenyewe. Mimi huibeba hadi kituoni, naitia kwanza tangini na kujaza petroli juu yake ili ichanganyike, tangi likikaribia kujaa nikiacha nafasi ndogo ya kutanuka, kisha naendesha hadi nyumbani. Safari hiyo huifikisha petroli yenye dawa kwenye mabomba na nozeli, mahali ambapo uharibifu huanzia. Tangi lililojaa lina faida nyingine pia: chuma chake cha ndani hakibaki wazi kwa hewa yenye unyevu, na kutu haipati pa kuanzia. Mwenye tangi nusu hujitafutia matone ya maji kwenye kuta za ndani kila joto linapopanda na kushuka.

Safari hiyo ya kutoka kituoni ndiyo inayopanga kazi nyingine zote, na kwangu mpangilio una faida kubwa kuliko kifaa chochote nilichokitaja. Pikipiki huoshwa kwanza, kwa maji yasiyo na shinikizo kubwa karibu na beringi na soketi za umeme. Ndipo huendeshwa hadi kituoni, ikakauka njiani na kupata moto kamili, na ikirudi hukuta chombo cha kukingia oili kimekwisha kuwekwa. Oili iliyotumika hubeba asidi na unyevu kutoka kwenye mwako, na kuiacha ikae miezi sita juu ya beringi za ndani ni kuialika kutu na ulaji wa vyuma. Ikimwagwa ingali ya moto hutoka pamoja na takataka zake. Unabadilisha na filta yake, unajaza mpya, unawasha injini muda mfupi ili oili safi izunguke kila mahali, kisha unazima na huigusi tena mpaka mwezi wa nne.

Nasisitiza hilo la kutoigusa kwa sababu ushauri wa kuiwasha pikipiki kila wiki kwa dakika chache umeenea mno miongoni mwetu, na unaua pikipiki kwa nia njema. Lita moja ya petroli inapoungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Injini iliyopata moto kamili huufukuza mvuke huo wote, lakini iliyowashwa dakika tano katikati ya Januari haifikii joto hilo, na mvuke hugeuka maji ndani ya ekzosi na ndani ya sanduku la oili. Betri nayo hupoteza kwa kupiga stata kuliko inavyorudishiwa katika dakika hizo. Aliye na chaja na petroli iliyotiwa dawa hana sababu ya kuiwasha.

ACF-50 ni ya kampuni ya Kanada, Lear Chemical, na mwanzo wake ni kulinda ndege dhidi ya kutu. Huacha utando mwembamba wa mafuta unaoingia kwenye maungio na nyuzi za boliti, haupitishi umeme, na hivyo hata plagi za nyaya unaweza kuzinyunyizia. Ni ghali kwa kopo, ila matumizi yake ni kidogo sana: napulizia kwenye kitambaa na kupaka fremu, boliti, spoku na sehemu za chini ambako chumvi hujificha. Isifike kabisa kwenye diski za breki, pedi wala matairi. Kati ya vifaa vyote hivi, huenda hiki ndicho kitakachowafaa zaidi ndugu zetu wa Mombasa, Tanga na Unguja, wanaopambana na chumvi ya bahari mwaka mzima bila theluji hata chembe. Mnyororo una dawa yake: husuguliwa kwa mafuta ya taa na brashi laini, ukafutwa, ukapakwa grisi ya mnyororo ungali na joto.

Kuhusu turubai, nina msimamo mkali. Karatasi la plastiki la kufunikia mizigo, lile la buluu, ni adui. Hufungia unyevu ndani, na chuma kinachofunikwa nalo hushika kutu kuliko kile kilichoachwa wazi gerejini. Ndani ya gereji kavu shuka kuukuu la pamba linatosha kabisa kuzuia vumbi, na pesa ya turubai ikanunue oili. Kwa anayeegesha nje, turubai liwe la kitambaa kinachopumua, liwe na matundu ya hewa yaliyofunikwa juu, ukanda wa kufungia chini ya tumbo la pikipiki ili upepo usilipeperushe na kukwaruza rangi, na kipande kinachostahimili joto upande wa ekzosi, ingawa hata hicho kisiwe sababu ya kuifunika pikipiki ingali ya moto. Kila baada ya theluji nzito lifunuliwe siku yenye jua, likung'utwe na kuachwa likauke.

Mambo madogo yanayobaki hayahitaji kununua kifaa maalumu. Matairi yajazwe upepo kamili wa kitabu cha pikipiki na yakae juu ya mbao za plaiwudi, au pikipiki isimame kwa stendi ya kati ili tairi moja lisibebe uzito. Kipozeo cha rejeta kiwe mchanganyiko wa nusu maji na nusu dawa ya kuzuia kuganda, ambao huhimili hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji matupu yakiganda hupasua injini. Mdomo wa ekzosi na tundu la kuvutia hewa uzibwe kwa tambara dhidi ya panya, na tambara hilo lifungwe utepe mwekundu hadi kwenye usukani ili asilisahau mwenye kuwasha.

Wasio na gereji kabisa hulipia huduma ya kuhifadhiwa pikipiki, na maduka mengi ya hapa huitoa. Inaweza kuwa huduma nzuri, lakini uliza kabla ya kusaini. Duka moja, ambalo silitaji, lilimpokea rafiki yangu anayeishi ghorofani kwa ada ya msimu mzima, na Aprili likamrudishia pikipiki yenye oili nyeusi ile ile na betri isiyoweza hata kuwasha taa ya breki, kwa kuwa mkataba wake ulihusu nafasi ya kuegesha tu. Mkataba unaostahili kulipiwa hutaja kwa maandishi kama chaja itaunganishwa na kubaki imeunganishwa, nani atatia dawa ya petroli, kama oili itabadilishwa kabla au baada, kama chumba kina kipasha joto, na bima ya nani italipa kikitokea kitu. Wakijibu hapana kwa hilo la chaja, ng'oa betri uende nayo nyumbani. Junior itafanya kazi yake hata sebuleni.

Mwezi wa nne ukifika, kazi ya kuiamsha huwa fupi kwa yule aliyeilaza vizuri. Tambara la ekzosi hutolewa kwanza, kisha upepo wa matairi hupimwa, breki hujaribiwa pikipiki ikiwa imesimama, mafuta ya breki hubadilishwa ikiwa yamefikisha miaka miwili kwa sababu nayo hunywa unyevu, na chaja huchomolewa. Subiri mvua kubwa mbili tatu zioshe chumvi na mchanga uliobaki kwenye kona za barabara ndipo utoke. Petroli iliyotiwa STA-BIL haina haja ya kumwagwa: itembelee mpaka tangi lishuke, halafu ujaze mpya.